Bei ya dakika moja: kampuni ya simu inavyoipanga, mteja anavyoijibu

Ndugu mwenyekiti, waalikwa, na ninyi mliotoka vyama vya kutetea watumiaji, asanteni kwa nafasi hii.

Nimeombwa nieleze bei za kupiga simu zinatoka wapi. Nitazungumzia Kenya na Tanzania, kwa sababu nchi hizi mbili zimepitia karibu kila jaribio la bei ambalo kampuni ya simu inaweza kulifanya, na kila jaribio wateja wamelijibu. Hoja yangu ni moja. Bei iliyoandikwa kwenye bango siyo unayolipa. Unayolipa inatokana na namna kampuni ilivyokusoma wewe na tabia zako za kupiga, na namna wewe ulivyoisoma kampuni.

Tuanze na gharama, maana hapo ndipo mabishano mengi hupotea njia. Ukipiga simu saa tisa usiku, mnara upo, umeme unawaka, dizeli ya jenereta imeshajazwa, mlinzi ana mshahara wake na mwenye kiwanja amelipwa kodi yake. Simu yako haiongezi kitu cha maana kwenye hesabu hizo. Gharama huzaliwa saa ya msongamano, hasa jioni watu wanaporudi nyumbani. Mtandao hujengwa kwa ajili ya saa hiyo moja, kama mwenye daladala anayenunua gari la tatu kwa ajili ya abiria wa asubuhi tu, halafu mchana linazunguka nusu tupu.

Tuutazame mnara wa 2G kwa karibu, kwa kuwa hesabu yake inaonekana wazi. Kila masafa yaliyogawiwa uso mmoja wa mnara, yaani antena za upande mmoja, hukatwa vipande 8 vya muda. Kimoja hubeba ishara za mtandao, 7 hubaki kuwa chaneli za maongezi. Uso wenye masafa mawili una vipande 16. Ondoa 2 vya ishara, wanabaki watu 14 wanaoweza kuongea kwa wakati mmoja. Wa 15 simu yake haipiti. Kwa kanuni aliyoichapisha mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, mwaka 1917, ukitaka simu zinazoshindwa kupita zisizidi 2 katika kila 100, chaneli hizo 14 zinabeba Erlang 8.2, yaani dakika 492 za maongezi kwa saa. Mteja mmoja akikadiriwa kuongea dakika moja na nusu katika saa hiyo, uso huo unawatosha wateja 328.

Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza: masafa moja peke yake, lenye chaneli 7, linabeba Erlang 2.9 tu. Umeongeza vifaa mara mbili, umepata maongezi karibu mara tatu. Ndiyo maana kampuni yenye wateja wengi katika eneo moja hupata dakika kwa gharama ndogo kuliko jirani yake mwenye wateja wachache, hata kama wote wawili wamefunga vifaa vya aina moja.

La pili ni ofa. Tuseme kampuni imetangaza maongezi ya bei ya chini sana kuanzia saa mbili usiku, na wateja wale wale 328 wameongea dakika tatu badala ya moja na nusu. Mzigo umefika Erlang 16.4 juu ya chaneli zile zile 14. Kanuni inasema zaidi ya simu moja katika kila nne haitapita. Anayeshindwa hatulii, anapiga tena papo hapo, na mzigo unazidi. Fundi wa mtandao hana dawa ya haraka ila kuziweka simu mbili katika kipande kimoja cha muda. Sauti inakuwa nyembamba na ya kukwaruza, na malalamiko yanahama kutoka bei kwenda ubora. Kwa hiyo mnapoona ofa ya usiku inaanza saa tano au saa sita na kufungwa alfajiri, ujue kampuni inauza nafasi ambayo isingeuzwa. Ofa ya saa mbili usiku ni kampuni inayojitafutia aibu.

Kwenye 4G mambo ni tofauti. Dakika moja ya sauti kwa kasi ya kilobiti 12.2 kwa sekunde inachukua kama kilobaiti 92 kila upande, kabla ya nyongeza za pakiti. Kando ya video hiyo si kitu. Kadiri sauti inavyohamia 4G, ndivyo gharama ya kuibeba inavyokaribia sifuri, na ndivyo bei inavyozidi kupangwa kwa sababu nyingine.

Sababu kubwa kuliko zote imekuwa gharama za mwingiliano. Mteja wa mtandao A akimpigia mteja wa mtandao B, A ndiye anayekusanya pesa yote, kisha anamlipa B ada kwa kila dakika iliyopokelewa. Anayepokea simu halipi. Hakuna mteja anayeiona ada hii kwenye salio lake, lakini imechonga bei za nchi hizi kuliko kitu kingine.

Nchini Kenya ada hiyo ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2010. Mtandao wowote uliotaka kuuza simu za nje, yaani za kwenda mitandao mingine, kwa chini ya hapo ungekula hasara kila dakika. Simu za ndani ya mtandao hazina ada hiyo, kwa hiyo zingeweza kushushwa upendavyo. Sasa fikirieni kampuni yenye asilimia 15 ya wateja. Kama watu wanapigiana bila kuchagua mtandao, simu 85 katika kila 100 za wateja wake zinakwenda nje na kulipiwa ada. Kampuni yenye asilimia 70 ya wateja inalipia 30 tu. Mkubwa akitangaza bei rahisi ya ndani ya mtandao, ofa yake inagusa simu nyingi za mteja. Mdogo akitangaza ofa ile ile, inagusa chache. Mteja naye anajibu kwa akili: anahamia kule waliko ndugu zake. Familia nzima, chama kizima, wafanyakazi wote wa duka wanajikuta kwenye mtandao mmoja. Mkubwa anazidi kukua bila kuwa na dakika rahisi kuliko wengine kwa wastani.

Agosti 2010 mdhibiti wa Kenya, wakati huo akiitwa CCK, aliishusha ada hadi shilingi 2.21. Mwezi huo huo Zain, iliyokuwa imetoka kununuliwa na Bharti Airtel, ikatangaza shilingi 3 kwa dakika kwenda mitandao yote. Angalieni hesabu: kwa ada ya 4.42 tangazo hilo lingekuwa kujinyonga, kwa 2.21 likawezekana, japo faida ilikuwa nyembamba sana. Wengine wakashuka, Safaricom ikiwemo. Wakenya walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini tujiulize swali ambalo kila mpangaji wa bei hujiuliza usiku wa kuamkia tangazo: dakika zitaongezeka kiasi gani? Ukishusha bei kutoka shilingi 8 hadi 3, ili mapato yabaki pale pale lazima dakika ziongezeke mara 2.67. Zikiongezeka mara mbili tu, jambo ambalo ni mafanikio makubwa, mapato yanashuka kwa robo. Na dakika hizo za ziada zinadai chaneli kule kwenye mnara saa ya msongamano. Watu huongea zaidi bei ikishuka, ila si kwa uwiano ule ule, kwa sababu muda na mambo ya kuongea vina mwisho. Vita vya bei za dakika kwa hiyo humuumiza mwenye mtaji mdogo kwanza. Mwaka 2011, shilingi ya Kenya ilipoporomoka, bei zikaanza kupandishwa tena.

Ratiba ya kushusha ada nayo ilikwama. Shilingi 1.44 iliyotarajiwa Julai 2011 ilisimamishwa na serikali, ikaja kwa kuchelewa, na baadaye ada ikatua kwenye senti 99, ikakaa hapo miaka mingi. Mdhibiti, sasa akiitwa Mamlaka ya Mawasiliano, alitaka kuipeleka hadi senti 12 kuanzia Januari 2022. Safaricom ilipinga, suala likaenda kwenye baraza la rufaa, na mwishowe ikawa senti 58 kuanzia Agosti 2022, kisha senti 41 kuanzia Machi 2024.

Tanzania ilikwenda kwa mwendo mwingine. Ada ilikuwa shilingi 112 kwa dakika. Machi 2013 mdhibiti wa Tanzania, TCRA, aliikata hadi 34.92, akaendelea kuipunguza kidogo kidogo hadi 26.96 mwaka 2017, kisha ikaja mikato mikubwa: 15.60 mwaka 2018, 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021 na 2.00 mwaka 2022. Kutoka 112 hadi 2. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa bei uliomsaidia mteja wa Tanzania kuliko wowote, ingawa hakuna aliyeandamana kuudai. Kifurushi cha "mitandao yote" mnachokiona kila siku kisingewezekana kwa ada ya 112: dakika 100 za kwenda nje zingedai shilingi 11,200 za mwingiliano kabla ya kodi na kabla ya mshahara wa mtu yeyote. Kwa ada ya 2, zinadai 200.

Msidhani, hata hivyo, kwamba ada ikishuka kwa shilingi 10, bei nayo inapaswa kushuka kwa shilingi 10. Ada ni gharama na pia ni mapato. Kampuni inayopokea dakika nyingi kama inazotuma inalipa kwa mkono mmoja na kupokea kwa mwingine, na hesabu zinafutana. Ada ikishuka, kwake halisi hakuna kilichobadilika. Kinachobadilika ni sakafu: sasa mshindani anaweza kuuza chini ya pale alipozuiwa jana. Bei hushuka kwa sababu ya mshindani huyo. Pasipo mshindani mwenye nguvu, ada inaweza kushuka na bei ikabaki ilipo.

Kodi nitaipitia haraka. Tanzania kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 17, kisha VAT ya asilimia 18 ikipigwa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ushuru. Kwa viwango hivyo huduma ya shilingi 100 inakuwa 117, halafu 138.06. Ukitoa shilingi 1,000, huduma yenyewe ni kama 724. Kenya ushuru ni asilimia 15 tangu 2023 na VAT 16, kwa hiyo katika kila shilingi 100 karibu 75 ndizo za huduma. Wakala wa muda wa maongezi anapata kamisheni yake kutoka hapo hapo.

Jambo linalopuuzwa mno ni kipimo cha kutoza. Kenya ilipoanza ushindani mwaka 2000, Safaricom ilitoza kwa sekunde na mshindani wake Kencell kwa dakika. Wengi waliangalia bei tu, hawakuangalia kipimo. Kwa kutoza kwa dakika, simu ya sekunde 65 inalipiwa sekunde 120. Simu ya sekunde 20, ya kusema "nimefika, njoo unipokee", inalipiwa mara tatu ya muda wake. Anayepiga simu ndefu haoni tofauti kubwa: dakika 14 na sekunde 30 zinalipiwa 15. Anayepiga simu fupi fupi ndiye anayelipia wengine. Wateja walijifunza kuangalia saa kwenye kioo na kukata kabla ya sekunde ya 60. Simu zikawa na kipimo cha dakika moja kasoro kidogo, maongezi yakakatwa katikati ya kwaheri. Kipimo cha kutoza kinaandika tabia za watu, na bado kuna ofa ambazo zinatoza kwa dakika ndani ya kifurushi huku bei ya kawaida ikiwa kwa sekunde. Ulizeni kabla ya kujiunga.

Sasa niwageukie wateja, kwa sababu wao nao wanapanga bei, ila hawatoi matangazo.

Jibu la kwanza na la zamani ni kubipu, au kuflashi kama wasemavyo Wakenya. Unapiga, inaita mara moja, unakata. Ujumbe umefika bila senti. Mlio mmoja "nimefika", miwili "nipigie". Na kuna adabu yake: mkubwa humpigia mdogo, mwajiri humpigia mfanyakazi, mwenye shida ya kununua humpigia muuzaji, na ukimbipu mtu unayemwomba kazi umejiharibia. Kwa kampuni, kila bipu inashika chaneli kwa sekunde kadhaa bila malipo, tena mara nyingi saa ya msongamano. Wakajibu kwa kuleta ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie", unaopita kwenye njia ya ishara na kuiacha chaneli ya maongezi wazi. Wengine wangeuona kama ukarimu. Ulikuwa uamuzi wa kihandisi, na mzuri: bipu iliyozaa simu ya kulipiwa ni biashara, bipu iliyoziba chaneli ni hasara.

Jibu la pili ni laini mbili, tatu, hata nne. Tanzania sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, laini za simu zilipita milioni 80 mwaka 2024. Kenya nako laini zinazidi watu. Mteja wa namna hii haamini mtandao wowote. Ana laini ya pesa, laini ya dakika, laini ya intaneti, na simu ya laini mbili inayomruhusu kuchagua kila anapopiga. Kampuni ikipandisha bei hahami wala hakasiriki. Anaacha tu kuiwekea vocha laini ile. Kwenye ripoti bado anahesabika, kwa kuwa kipimo kinachotumika sana ni laini iliyotumika walau mara moja ndani ya siku 90. Mpangaji wa bei anayeangalia idadi ya laini peke yake atagundua kosa lake miezi mitatu baadaye.

Ndiyo maana kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini, iliyopitishwa Tanzania katika bajeti ya 2013, ilizua kelele kubwa hadi ikaondolewa. Ilitoza laini bila kujali matumizi. Mwenye laini tatu zenye matumizi madogo angelipa mara tatu ya tajiri mwenye laini moja.

Wengi walitarajia kwamba kuhama mtandao bila kubadili namba kungemaliza tatizo. Kenya ilianza Aprili 2011, Tanzania Machi 2017. Waliohama wakawa wachache. Kwa nini mtu ahame ilhali anaweza kuongeza laini ya pili? Halafu kuna kizuizi kikubwa zaidi: pesa. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008, na tangu hapo namba ya simu ikawa pia akaunti ya akiba, ya mkopo, ya ada ya shule na ya kulipia luku. Mtu anaweza kuacha dakika rahisi. Kuacha pochi ni kazi. Katika mwaka wa fedha wa Safaricom uliokwisha Machi 2022, mapato ya M-Pesa yaliyapita mapato ya sauti. Mkilijua hilo mtaelewa bei nyingi za leo. Dakika zimekuwa chambo cha kuiweka laini ndani ya simu yako, na faida inatafutwa kwingine. Sioni ubaya wa hilo lenyewe, ila naona hatari: mtandao usio na huduma ya pesa yenye nguvu hauwezi kushindana kwa bei ya dakika peke yake, hata akili yake ya biashara iwe kali vipi.

Nimefika kwenye vifurushi, na hapa nitatulia kidogo, maana ndiko pesa zenu nyingi zinakokwenda.

Kampuni hupenda kifurushi kwa sababu tatu. Inapata pesa kabla ya kutoa huduma. Inaweza kuwauzia watu wawili dakika ile ile kwa bei mbili tofauti bila kugombana nao. Na sehemu ya dakika haitumiki kabisa. Muda unaisha nazo zinapotea. Bei ya bango ya kifurushi daima ni pesa gawanya kwa dakika ulizopewa. Bei yako halisi ni pesa gawanya kwa dakika ulizotumia. Kifurushi cha shilingi 1,000 chenye dakika 100 kwa wiki kinaonekana shilingi 10 kwa dakika. Ukitumia 60, ni shilingi 16.70. Na kama katika zile 100, 80 ni za ndani ya mtandao na 20 za mitandao mingine, na wewe watu wako wengi wako nje, zile 20 zitaisha siku ya pili, na dakika za nje zitaanza kula salio kwa bei ya kawaida huku 70 za ndani zikisubiri kufa.

Hilo la kula salio ndilo kosa linaloleta malalamiko mengi. Kifurushi kikiisha katikati ya maongezi, simu haikatiki. Inaendelea kwa bei ya msingi, ambayo mara nyingi imewekwa juu makusudi ili kifurushi kionekane nafuu. Mtu anaanza na dakika mbili za kifurushi na salio la shilingi 2,000, anaongea na shemeji dakika kumi, anamaliza salio halina kitu, kisha anasema ameibiwa. Kwa masharti aliyojiunga nayo hajaibiwa. Ila masharti hayo hayakumfikia kwa lugha aliyoweza kuielewa, na hilo naliita kosa la kampuni.

Ofa "ya kwako tu" nayo inatengenezwa hivi: mfumo unasoma wastani wa matumizi yako kwa wiki kadhaa, unakuweka kwenye kundi, kisha unakuuzia kiwango kilicho juu kidogo ya unachotumia. Anayetumia shilingi 800 kwa siku ataonyeshwa ofa nono ya 1,000. Ile ya 500 itafanywa ionekane haina maana. Mteja mwaminifu asiyepanga kuondoka huonyeshwa ofa ya kawaida, kwa sababu hana dalili ya kutoroka. Aliyenyamaza siku kadhaa huonyeshwa nono zaidi. Wateja wameshaligundua hili: wanaiacha laini ikae kimya, kisha wanafungua menyu. Ni jibu halali kabisa.

Wakati mwingine jibu ni la pamoja. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi Tanzania zilipoanza kutumika, malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba serikali ilizisitisha mara moja. Kenya malalamiko ya vifurushi kuisha muda yalifika mahakamani, na Oktoba 2019 Safaricom ikaleta vifurushi visivyo na mwisho wa matumizi. Angalieni tu bei yake: kisichoisha muda huwa ghali kwa dakika kuliko cha siku moja, kwa sababu kampuni haina tena dakika za kupotea. Kwa anayepiga kidogo na kwa kubahatisha ni nafuu. Kwa anayepiga kila siku si nafuu.

Wengi wamehamia simu za WhatsApp. Hesabu ni fupi: dakika moja inaweza kula nusu megabaiti hivi. Ukilipa shilingi 5 kwa megabaiti, dakika ni shilingi 2.50. Lakini unayempigia naye anachoma bando lake, jambo ambalo simu ya kawaida haimfanyii. Mama kijijini mwenye bando la kubana analipia nusu ya simu yako. Kwa hiyo simu ya kawaida itaendelea kuwa na nafasi yake hata bei ya data ikishuka, na kampuni zinalijua.

Mkitaka kujua bei yenu halisi, fanyeni hivi kwa siku 30. Andika kila pesa uliyoweka, pamoja na ada ya muda wa maongezi uliokopa. Ukikopa kwa Okoa Jahazi ya Safaricom, asilimia 10 inakatwa, kwa hiyo shilingi 100 ni 90 za kuongea. Toa pesa ya data na ya ujumbe. Nenda kwenye kumbukumbu za simu ulizopiga, jumlisha muda, ukitenga za ndani ya mtandao na za nje. Gawanya. Linganisha jibu na bei ya msingi ya sekunde bila kifurushi. Kama tofauti haifiki hata robo, kifurushi ulichozoea hakikufai: chukua kidogo zaidi au cha muda mrefu zaidi, na kama dakika za nje ndizo zinazoisha mapema, tafuta cha mitandao yote hata kama namba yake ya dakika ni ndogo.

Ukikatwa isivyo halali, usianze mitandaoni. Piga picha ya kioo inayoonyesha ujumbe wa kujiunga, salio kabla na salio baada, na saa. Peleka kwa kampuni na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Bila namba hiyo, TCRA au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya watakurudisha kwenye kampuni kwanza. Ukiwa nayo na kampuni haijakujibu ipasavyo, lalamiko lako linapokelewa.

Na kwenu viongozi wa vyama, mtakapokutana na wadhibiti, acheni kudai "bei zishuke" kwa ujumla. Daini mambo mawili yanayopimika. Kwanza, kifurushi kinapoisha, mteja apate ujumbe wenye mstari mmoja: umetumia dakika kadhaa, kila moja imekugharimu kiasi hiki. Kampuni inazo takwimu hizo kwenye mfumo wa kutoza tangu sekunde ya kwanza. Kuzituma ni suala la kutaka. Pili, simu isihamie kwenye bei ya msingi mpaka mteja awe amekubali mara moja, kwa menyu ile ile ya nyota na reli anayojiungia, na aweze kubatilisha wakati wowote.

Karibuni kwa maswali. Ningependa tuanze na mwenye ujumbe wa kifurushi kwenye simu yake sasa hivi, tuusome pamoja.